i5 ya kizazi cha 7 na ya kizazi cha 8: nimeziweka meza moja

"Dada yangu, hii ni 2.5, ile ni 1.6. Wewe unayetengeneza video, 1.6 ya nini?"

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa Kariakoo siku niliyokwenda kutafuta laptopu ya pili ya kazi. Muuzaji hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasoma tu kilichoandikwa kwenye kioo: i5-7200U, gigahezi 2.5, na pembeni yake i5-8250U, gigahezi 1.6. Hizo ni prosesa za Intel, yaani ubongo wa laptopu: ya kwanza ni ya kizazi cha 7, ya pili ya kizazi cha 8, na gigahezi ni kipimo cha kasi yake. Kwa namba hizo peke yake, wengi wangechukua ya kwanza. Lakini prosesa hiyo ya kwanza nilikuwa nayo nyumbani tayari, nimeifanyia kazi miaka mitatu, najua inanikwamisha wapi. Nikaongeza laki moja na nusu, nikaondoka na ya 1.6. Huu ni mwezi wa nane zote mbili zipo nyumbani, ile ya zamani anaitumia mdogo wangu anayesoma chuo, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Mimi nahariri video za sherehe hapa Morogoro: harusi, sendofu, kipaimara, na mara chache misiba. Kabla sijamkabidhi mdogo wangu laptopu yake nilizisawazisha kwanza. Zote RAM ya GB 16, zote SSD, zote wakati ule Windows 10, zote zimechomekwa kwenye umeme. Nikachukua kipande cha dakika 10 cha sendofu, ubora wa 1080p, nikakipitisha HandBrake, programu ya kubana video, kwa mpangilio ule ule wa x264, njia ya kubana inayotegemea nguvu ya prosesa. Kizazi cha 7 kilimaliza kwa dakika 10 na ushee, yaani karibu sawa na urefu wa video yenyewe. Kizazi cha 8 kilitumia dakika 6 na robo. Nilirudia siku ya pili nikidhani nimekosea kitu, majibu yakawa yale yale.

Sababu ni viini, yaani zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja, kila moja na yake. Tangu i5 za kwanza za laptopu nyembamba mwaka 2010 mpaka kizazi cha 7, i5 za aina hiyo zilikuwa na viini 2 tu. Kila mwaka tuliuziwa kizazi kipya, viini vikabaki 2. Mwaka 2017 AMD ikaingia sokoni na Ryzen zake zenye viini vingi, na mwezi Agosti mwaka huo huo Intel ikatoa i5-8250U: viini 4, nyuzi 8 za kazi badala ya 4, kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ya MB 6 badala ya 3. Usanifu wa kiini chenyewe ni ule ule wa Kaby Lake, hata teknolojia ya kuichonga ni ile ile ya nanomita 14. Na umeme uliotengewa ni ule ule, wati 15.

Hapo kwenye wati 15 ndipo 1.6 ilipotoka. Hiyo ni kasi ya msingi, kasi ambayo viini vyote vinne vinahakikishiwa vikibanwa kazi ndani ya wati hizo. Siyo mwisho wa uwezo wake. Mbio zake za juu zinafika 3.4, wakati i5-7200U inaishia 3.1. Fikiria jiko la shughuli: mkaa ni gunia lile lile, wapishi wamekuwa wanne badala ya wawili. Kila mmoja atapika taratibu kidogo kuliko angekuwa na moto wote peke yake, lakini pilau itaiva mapema.

Nilikaa nikaitazama ikifanya kazi. Sekunde kama 30 za mwanzo inapanda juu ya 3, halafu inashuka na kutulia kwenye 2.4. Ile ya kizazi cha 7 inashika 3.1 na kubaki hapo hapo mpaka mwisho. Ukipiga hesabu ya haraka, viini 4 mara 2.4 ni 9.6, viini 2 mara 3.1 ni 6.2. Siyo mara mbili kama wengine wanavyotangaza, ila ni zaidi ya mara moja na nusu, na hicho ndicho nilichokipata kwenye saa.

Lakini kilichobadilisha maisha yangu siyo hizo dakika. Ni kule kuona ninachokikata. Nakumbuka sendofu moja ya kamera mbili, bibi harusi anaingia ukumbini na wazazi wake, muziki umepanda. Kwenye ile ya zamani, nikiweka picha za kamera zote mbili pamoja na marekebisho ya rangi, picha inaganda huku wimbo unaendelea, ikija kuamka bibi harusi ameshafika mbele. Nilikuwa nakata kwa kubahatisha, au natengeneza kwanza nakala nyepesi za video zote, kazi ya usiku mzima. Kwenye kizazi cha 8 nilifungua mradi ule ule, nikamwona mama yake akigeuza uso na kupitisha kidole chini ya jicho, nikasimamisha pale pale, nikakata. Familia walipoangalia, sehemu hiyo ndiyo waliyoomba irudiwe.

Kuna kazi ambazo tofauti huioni. Kufungua Word, kuandika ripoti, kuangalia YouTube, kuwa na kurasa kumi za intaneti wazi: mdogo wangu halalamiki kitu, na sina sababu ya kumwambia abadilishe. Huko SSD na RAM ndizo zinazoleta raha, kwa sababu kiini kimoja cha kizazi cha 7 hakijaachwa mbali na kimoja cha kizazi cha 8. Gemu pia ni vivyo hivyo. Upande wa picha, chipu za picha zilizomo ndani ya prosesa hizi, HD 620 na UHD 620, zimetofautiana herufi moja tu, nguvu yake ni karibu ile ile. Na kama unatoa video kwa Quick Sync, ambayo hufanyiwa sehemu yake maalumu ndani ya prosesa, laptopu hizi mbili zinakaribia kulingana. Mimi video fupi za kutuma WhatsApp nazitoa kwa njia hiyo. Ile ya mwisho, ya kumkabidhi mteja kwenye flashi, bado naitoa kwa x264 kwa sababu kwa ukubwa ule ule wa faili inanipa picha safi zaidi.

Joto linahitaji kusemwa vizuri. Laptopu yangu ya kizazi cha 8 ilipokuja, haikutulia kwenye 2.4, ilikuwa inashuka mpaka 1.9 na feni inalia kama ya dukani. Ni mtumba, imekaa miaka. Fundi alipoifungua, mapezi ya kupozea yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, na pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka kabisa. Akasafisha, akapaka pesti mpya, kazi ya nusu saa. Viini vinne vikibanwa kwenye joto la Morogoro ni lazima vipumue, kwa hiyo weka gharama ya fundi kwenye bajeti yako tangu mwanzo.

Betri, kwa matumizi mepesi, sijaona aliyemshinda mwenzake. Umeme ukikatika katikati ya kazi ndipo cha 8 kinanifaa, kwa sababu wati ni zile zile lakini kazi inaisha mapema, kwa hiyo chaji inayoliwa kwa video moja ni ndogo.

Halafu kuna Windows. Microsoft walipoweka masharti ya Windows 11, upande wa Intel walianzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana za cha 7, na i5-7200U haimo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu ya mdogo wangu tumeiwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, na anasoma nayo vizuri, lakini mtu ambaye programu zake ni za Windows asiingie kwenye kizazi cha 7 leo kwa sababu tu bei imeshuka.

Ukienda dukani, usisikilize neno "i7" peke yake. i7-7500U ya kizazi cha 7 ina viini 2 vilevile, na kwenye kazi nzito inaachwa na i5-8250U, ingawa nimekuta ikiuzwa ghali zaidi. Upande wa pili, i3-8130U ni ya kizazi cha 8 kweli, lakini nayo ina viini 2. Stika nayo usiiamini, hubandikwa na mkono wa mtu. Siku ile ile nilionyeshwa moja yenye stika mpya inayong'aa, ndani yake kulikuwa na kitu kingine. Mwombe muuzaji aiwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Performance, bofya CPU. Juu kulia utasoma jina kamili la prosesa, na chini kuna mstari wa Cores. Ukikuta 2 na kazi yako ni ya video kama yangu, mwambie akuonyeshe nyingine.