Kiwanja kitupu, deni la taka: uzoefu wangu na halmashauri

"Mama yangu, taka si lazima zionekane."

Hilo ndilo jibu nililopewa dirishani na mtumishi wa umma, mchana kweupe, na mpaka leo likinijia usiku nageuka ubavu wa pili.

Nilikuwa nimekwenda kufuatilia kibali cha ujenzi. Fomu na viambatanisho siwaelezi, hayo mtayakuta kwenye ubao wa matangazo. Mimi vyangu vilikuwa kamili: hati ipo, michoro ipo, kodi ya pango la ardhi imelipwa. Siku hiyo nilihitaji namba ya malipo tu, nilipie ada ya kibali niondoke. Kijana akabofya, akatazama kioo cha kompyuta, akaguna. Hiki kiwanja kina deni la taka.

Deni la taka! Kiwanja kile wakati huo kilikuwa na nyasi na bikoni. Hakuna nyumba, hakuna kibanda, hata choo cha mafundi hakijachimbwa. Nikamuuliza, mwanangu, anayezalisha taka pale ni nani? Ndipo akaitoa ile kauli yake, bila hata kuinua uso. Watu wa foleni nyuma yangu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwa ninavyojua, ada ya taka ni malipo ya huduma. Kuna kaya au kuna duka, gari linapita, linazoa, unalipa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezibebesha serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, kuzikusanya mpaka kuzifikisha mahali pa kuzitupa. Ada yenyewe inatozwa kwa sheria ndogo, ile inayopitishwa na baraza la madiwani, ikaidhinishwa na waziri, ikatoka kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo nikaomba kitu kimoja tu: nionyeshwe kifungu kinachosema nyasi ni kaya. Sheria ndogo ziko kwa mwanasheria. Mwanasheria yuko wapi? Kikaoni. Anatoka saa ngapi?

"Mama, unachelewesha wenzako."

Mimi ndiye ninayechelewesha. Haya.

Nililipa, jamani. Fundi ananisubiri, saruji imeshashushwa, nifanyeje? Na wao wanajua. Mpangaji anaweza kumkwepa mkusanya ada ya taka mwaka mzima, akisikia hodi anazima redio, na hakuna atakayemfanya kitu. Lakini mwenye kutaka kujenga hana pa kukimbilia. Akianza bila kibali, asubuhi anakuta X nyekundu ukutani na maandishi SIMAMISHA UJENZI. Kwa hiyo pesa waliyoshindwa kuikusanya mlango kwa mlango wanaingoja pale dirishani, kwa mtu mwenye haraka. Hawajaandika popote kwamba ukaguzi wa michoro unahusiana na gari la taka. Wamevifunga kamba moja tu, basi.

Hapa ndipo hasira zinaponichanganya, kwa sababu upande wa kibali chenyewe, haki ya Mungu, walinihudumia vizuri. Mkaguzi alifika kiwanjani mwenyewe na futi yake, akapima, akanikatalia shimo la maji taka nilipochorewa kwa sababu lilikuwa karibu mno na kisima cha jirani. Mchoraji wangu hakuliona hilo, na pesa yangu alikula. Mkaguzi hakuomba hata ya soda. Kibali kikatoka mapema kuliko walivyonitisha waliojenga kabla yangu. Ningeandika wiki ile ningewapa nyota zote, na yule kijana ningemsamehe.

Sasa gari la taka. Tangu nilipe halijaingia mtaani kwetu. Silo bovu tu, silijui rangi yake. Majirani wenye nyumba nao wanalipa, na wakaanza kuangalia ni wapi palipo wazi. Palipo wazi ni kwangu. Pampasi, viroba, godoro la mtu, vyote vikahamia nyuma ya tofali zangu. Kumbe kijana alikuwa nabii: zilikuwa hazionekani kwa sababu zilikuwa bado njiani.

Kisha akaja bwana afya na notisi. Nisafishe eneo langu ndani ya muda alioandika, la sivyo faini. Nikamtolea risiti ya ada ya taka, ya halmashauri hiyohiyo, yenye nembo hiyohiyo. Akaisoma yote, taratibu, akanirudishia. "Hii ni ya watu wa mapato, mama. Mimi ni afya."

Nilimfuata mtendaji wa mtaa, akasema mkandarasi wa kuzoa taka hajalipwa. Kwenye mkutano wa mtaa nikanyanyua mkono nikauliza ada zetu zinakwenda wapi. Nikasomewa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Hiyo tumeshaikariri, na ni jambo jema. Nimeuliza taka. Mwenyekiti akahamia ajenda ya ulinzi.

Kwa hiyo: kibali nyota nne. Taka nilikuwa nimeweka moja, nimeifuta, maana hata huduma mbovu ni huduma. Ukienda dirisha lile, usilipe deni la taka kabla hawajakuchapia karatasi yenye jina la sheria ndogo na tarehe deni lilipoanza. Watakununia, simama hapohapo. Mimi barua yangu ya kudai marejesho iko kwa mkurugenzi, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, na diwani amesema ataliuliza kwenye baraza la robo hii. Wakinirudishia nitapandisha nyota. Wakiniletea deni la mwaka mwingine kabla gari halijaingia mtaani, hata zile nne za kibali nazitoa, na mkaguzi wa watu anisamehe.