Feni ya dari yenye taa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwenye feni yenye taa, kitu cha kwanza kufa huwa ni taa. Mota ya kawaida huzunguka miaka mingi bila kulalamika, lakini sahani ya LED iliyobanwa chini yake inaweza kuzimika mapema. Kama muuzaji hana ya kubadilisha, unabaki na panga boi zima linalopuliza gizani. Ndiyo maana nimepanga orodha hii kwa swali moja: kitu kikiungua, utakitengeneza?

Kabla ya kwenda dukani, pima. Mapanga yasiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Kumbuka kwamba taa huning'inia chini ya mapanga, na ndiyo itakayogonga kichwa cha mgeni mrefu au godoro linalohamishwa. Juu nako acha nafasi. Mapanga yakiwa karibu mno na dari, feni hukosa hewa ya kuvuta, kwa hiyo acha angalau sentimita 20 hadi 30. Kutoka ncha ya panga hadi ukutani au kabatini acha sentimita 45.

Upana wa feni, ncha hadi ncha, huandikwa kwenye boksi kwa inchi. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinatoshwa na inchi 36 hadi 42. Cha mita 3.5 kwa 4 kinataka 48. Sebule ya mita 4 kwa 5 inataka 52 au 56. Ikiwa sebule ni ndefu kama korido, funga feni mbili za wastani, maana moja kubwa itapuliza katikati tu. Idadi ya mapanga usiitilie maanani sana, kwani matatu yaliyoinama vizuri hushinda matano yaliyolala bapa.

1. Mota ya kawaida, taa za balbu za kubadilisha

Hii ndiyo ningemshauri ndugu yangu anunue. Mota ni ileile ya siku zote yenye kapasita (kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza na kuzunguka), na chini kuna vishikio vya balbu za kuzungusha au za pini. Balbu ikiungua, unanunua nyingine popote. Kapasita ikichoka, fundi yeyote wa umeme anaibadilisha kwa dakika chache. Hula wati 60 hadi 80, na hilo ndilo kosa lake kubwa. La pili ni sura: glasi za taa hizi nyingi zinafanana na vikombe vya uji.

2. Mota ya DC

DC ni umeme mnyoofu, kama wa betri; feni hizi huitwa BLDC kwenye boksi. Hula wati 25 hadi 35 kwa upepo uleule, hazivumi, na huja na rimoti. Piga hesabu: ukipunguza wati 40 kwa saa 10 kila usiku, kwa mwaka ni kama yuniti 146. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, halafu ulinganishe na tofauti ya bei ya feni. Anayelala feni ikizunguka mwaka mzima atairudisha pesa yake. Anayeiwasha wageni wakija tu, sidhani.

Kwa nini basi haikushika namba moja? Kwa sababu ya bodi yake ya kielektroniki. Ikiungua, bodi ya kampuni nyingine mara nyingi haiingii. Muulize muuzaji kama anauza bodi na rimoti peke yake. Akisitasita, umeshapata jibu. Ukipata ya DC yenye vishikio vya balbu za kawaida na vipuri vyake vipo, hiyo inapanda juu ya namba moja.

3. Sahani ya LED iliyojengewa ndani

Nyembamba na nadhifu, na kwa dari ya mita 2.4 huenda ndiyo pekee itakayokuacha upite salama. Inunue kwa sababu hiyo tu, na tena ile ambayo sahani na draiva yake (kifaa kinachoilisha umeme) hufunguka kwa skrubu. Tazama pia rangi ya mwanga: Kelvini 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano wa kupumzikia, 4000 ni wa jikoni na mezani, 6500 ni mweupe wa dukani. Chumbani, huo wa 6500 utaujutia.

4. Mapanga yanayojikunja

Ukiizima inageuka taa ya mapambo. Ukiiwasha, mapanga mafupi na membamba yanatoka na kukupa upepo hafifu. Vumbi likiingia kwenye maungio, panga moja linagoma kufunguka na feni nzima inaanza kuyumba.

5. Feni ndogo ya kuzungushia kwenye kishikio cha balbu

Iache. Kishikio kilitengenezwa kubeba balbu, si kitu kinachotikisika usiku kucha.

Kufunga

Feni yangu ya kwanza ilifungwa kwa skrubu nne kwenye jipsamu. Baada ya miezi miwili ufa ulianza kuchora duara kuzunguka kikombe cha juu, kile kinachofunika waya darini, nikaishusha mwenyewe kabla haijajishusha. Feni yenye taa inaweza kufika kilo 8 au 10, na uzito wake unatikisika. Itundike kwenye ndoano iliyoingia ndani ya zege au kwenye boriti ya mbao. Kama boriti haipo mahali unapopataka, fundi apigilie mbao ya kukatiza juu ya dari. Waya wa usalama ukiwemo kwenye boksi, usiuache humo.

Zima breka, kisha hakikisha kwa testa kwamba waya umekufa. Swichi ya ukutani pekee haitoshi. Kwa kawaida feni huwa na waya mmoja wa mota na mwingine wa taa. Ukiwa na waya mbili za moto kutoka ukutani, mota na taa kila kimoja kitapata swichi yake. Rangi za waya hutofautiana, basi fuata mchoro. Athi, yaani waya wa ardhini, nayo ifungwe. Na usiunganishe feni kwenye dima ya taa, swichi ile ya kupunguza mwanga: mota itanguruma na kupata moto.

Ikisumbua

Ikiyumba, kaza kwanza skrubu zote za mapanga. Halafu pima kutoka dari hadi ncha ya kila panga, ukizungusha kila moja lifike pale ulipopimia. Lililotofautiana ndilo lenye kosa. Ikishindikana, bandika kijiuzito juu ya panga, ukikihamisha hadi itulie.

Ikinguruma bila kuzunguka, au ikaanza tu ukiisukuma kwa kijiti, mshuku kapasita. Nunua yenye namba ileile ya mikrofaradi iliyoandikwa ubavuni; kwa feni nyingi za inchi 48 ni 2.5.

Upepo haupo ingawa inazunguka kwa kasi? Huenda inazunguka kinyume. Tafuta kijiswichi ubavuni mwa mota, au kitufe kwenye rimoti.

Balbu ya LED inayowaka hafifu ikiwa imezimwa huenda maana yake swichi imekata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya waya wa moto. Hilo si la kuishi nalo, mwite fundi. Inayopepesa huenda iko kwenye dima isiyoiweza.

Rimoti ya chumba cha pili ikiwasha feni yako, zote mbili zina kodi moja. Badilisha vijiswichi vidogo ndani ya rimoti na vya kwenye kipokezi cha feni vifanane.

Ukisikia harufu ya kuungua, zima kwenye breka na usiijaribu tena mpaka fundi afungue kikombe cha juu na kuona maungio ya waya.