Samaki wa mapambo wanaofaa maji ya bomba ya Arusha, kuanzia bora

Ukiingia duka la samaki, macho yatakwenda kwanza kwa neoni, vile visamaki vyembamba vyenye mstari wa buluu unaowaka. Waache hapo hapo. Asili yao ni maji laini yenye asidi ya bonde la Amazon, na diskasi ni ndugu zao katika hilo. Sisi bomba letu linatoa alkali. Tafuta samaki anayeyapenda maji uliyonayo, maana kurekebisha tabia ya maji ndoo kwa ndoo kila wiki ni kazi isiyo na mshahara.

Kabla ya kutoa hela, tenganisha mambo mawili ambayo wauzaji wengi huyachanganya: ugumu na alkali. Maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano ya Meru hubeba sodiamu, baikaboneti na floridi, hiyo hiyo inayotia meno rangi ya kahawia, lakini mara nyingi kalsiamu, ambayo ndiyo hutia ugumu, ni haba. Kwa hiyo pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho katikati yake ni 7, inaweza kupita 8 na maji yakabaki laini. Sabuni ya kipande itakupa dokezo: ikikataa kutoa povu na birika lina ukoko mweupe, maji ni magumu, ikitoa povu upesi na mikono inateleza, huenda una alkali tu. Kwa uhakika nunua kipimo cha matone chenye chupa ya GH, yaani ugumu, na ya KH, yaani alkali. Pima ya kwako, kwa sababu mtaa wa kisima na mtaa wa chemchemi hautoi jibu moja. Wa Moshi nao wasiazime namba za Arusha. Maji ya chemchemi za Kilimanjaro yana tabia yake.

Nafasi ya kwanza nampa plati. Ni mdogo, mchangamfu, anavumilia pH ya 8 na kitu, na baridi ya Julai haimtishi kama inavyowatisha wengine. Huishi vizuri kwenye nyuzi 20 na ushei. Chukua dume mmoja kwa majike wawili au watatu, la sivyo jike hatapumzika. Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo usishangae ukinunua mmoja peke yake na ukakuta vitoto. Gapi ni wa ukoo huo huo na rangi zake zinazidi, ila wale wa mikia mirefu ya maonyesho ni dhaifu. Wa kawaida, asiyevutia sana, ndiye hudumu.

Wa pili ni mbuna wa Ziwa Nyasa, na kama una nafasi na hela ya tangi la lita 200, mpandishe awe wa kwanza. Maji ya ziwa lile yana pH kati ya 7.7 na 8.6 hivi, na si magumu sana. Yanakaribiana na ya kwetu kuliko watu wanavyodhani. Anza na labi ya njano, ndiye mpole kati ya wagomvi. Panga mawe hadi yafanye mapango, na weka hita, kwani wanataka nyuzi 24 hadi 27. Jike hubeba mayai mdomoni kama wiki tatu bila kula sawasawa, kidevu kimemvimba. Chakula kiwe cha mwani. Nyama ya kusaga na dagaa kila siku humvimbisha tumbo, na akishavimba ni nadra apone.

Wa tatu ni wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Maji ya ziwa lao yana pH karibu 9, kwa hiyo alkali ni kwao. Lita 60 zinatosha kundi dogo. Shida ni kuwapata. Uliza mapema, usitegemee kuwakuta dukani.

Goldifishi ni wa nne. Maji yetu hayamsumbui na hahitaji hita, lakini hukua kupita sentimita 20 na kuchafua mno. Bakuli la mezani si nyumba yake, hata muuzaji akikuapia.

Moli nimemweka mwisho makusudi, ingawa husifiwa kuwa wa maji magumu. Ndivyo alivyo, ila anataka kalsiamu ya kweli. Kwenye alkali tupu hubana mapezi na kutikisika mahali pamoja. Vipande vya matumbawe vya kuongeza kalsiamu havitakusaidia sana, kwani pH ikishapanda havitaki kuyeyuka. Mchukue kama GH yako iko juu.

Wapo watakaokushauri ushushe pH kwa siki au ndimu. Usijaribu. Baikaboneti huirudisha juu baada ya muda, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakoua.

Sasa idadi. Kwenye maji ya alkali amonia inayotokana na uchafu wa samaki ina makali zaidi: kwa nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika umbo lenye sumu pH ikiwa 7, kama asilimia 5 ikiwa 8, na zaidi ya theluthi ikiwa 9. Filta mpya ipe wiki kadhaa ikomae, yaani ipate bakteria wanaomaliza amonia, na siku ya kwanza toka dukani na plati watatu tu.