TAHADHARI: Darubini za bunduki "za kuonea gizani" zinazouzwa Mbeya na Iringa

Wakuu, hasa ninyi wenye leseni za bunduki na vibali vya kuwinda huku Chunya, Mbarali, Pawaga na Idodi. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza darubini za bunduki, hizi tunazoziita skopu, na anawapiga watu fedha nyingi. Leo anasema yuko Mwanjelwa, kesho yuko Iringa mjini, keshokutwa mzigo uko Makambako. Tunaelekea Julai, msimu unafunguliwa na watu wameanza kuandaa vifaa. Huu ndio wakati wake wa mavuno, kwa hiyo naomba msome hadi mwisho.

Shemeji yangu wa Chunya alinunua kwake kwa shilingi 700,000. Alitanguliza nusu, kisha akaambiwa amalizie kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi, kisha ikazuka "hela ya ukaguzi". Angalau yeye alipokea boksi. Wapo waliolipa wakaishia kupigiwa simu isiyopatikana. Kwa kuwa la shemeji lilifika, nimelishika mkononi na kulikagua, na nitawaeleza nilichokiona ili mkikutana na kama hilo mlijue.

Kwenye boksi na kwenye bomba lake pameandikwa 4-16x50. Maana yake inakuza kuanzia mara 4 hadi mara 16, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 50. Muuzaji alimwambia, "Bosi, hii inavuta hata mwanga wa nyota, jioni utaona kama mchana." Uongo. Darubini ya lenzi tupu haiongezi mwanga. Inachofanya ni kukusanya ule uliopo na kuufikisha kwenye jicho, na kila kioo njiani kinapoteza kidogo. Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hupoteza karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wake, na ndani ya darubini nyuso hizo ni nyingi. Zilizotengenezwa vizuri hupakwa tabaka kadhaa kila uso ili upotevu ushuke chini ya asilimia 1. Hapo ndipo bei inapokwenda.

Jambo la pili ni hesabu ndogo ambayo mwenye duka mwaminifu angekufanyia mwenyewe. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwale unaoingia kwenye jicho lako. 50 kwa 16 ni milimita 3 na kidogo. Magharibi mboni ya jicho hupanuka hadi milimita 5, 6, hata 7 kwa kijana. Mtu mzima wa miaka hamsini na kuendelea mara nyingi haivuki 5. Kwa hiyo hata kama namba zile zingekuwa za kweli, ukiiweka kwenye 16 jioni unajinyima mwanga mwenyewe. Mtu mwenye 6x42 ya zamani, isiyobadilika ukuzaji, anapata milimita 7 kamili na atamwona mnyama vizuri kuliko wewe. Huyu muuzaji anasifia ukuzaji mkubwa kwa sababu ndio unaouza kwenye picha. Kwa mwanga hafifu wa miomboni ukuzaji wa 5 hadi 8 unatosha kabisa.

Sasa njoo kwenye lile boksi. Nilizungusha pete ya ukuzaji hadi 16, nikaegesha tochi ya simu kwenye lenzi ya jicho, nikaweka karatasi nyeupe mbele ya lenzi kubwa na rula juu yake. Kwa darubini ya kweli ya milimita 50, duara la mwanga linalotokea kwenye karatasi linakaribia milimita 50. La shemeji lilikuwa 28. Nilipochungulia kwa mbele nikimulika ndani, niliiona pete nyeusi ya plastiki imebanwa nyuma ya kioo, imeacha tundu dogo katikati. Kioo kikubwa cha mbele ni pambo. Wanaweka pete ile kwa sababu kingo za kioo chao ni mbovu na zikiachwa wazi picha inakuwa na ukungu. Kwa hiyo aliyelipia lenzi ya 50 amepewa ya 28, na ili apate mwale wa milimita 5 lazima ashuke hadi ukuzaji wa 5 na nusu hivi. Jaribio hili lifanyike kwenye ukuzaji wa juu kabisa. Ukiweka mdogo hata darubini nzuri inaweza kutoa duara dogo na ukamtuhumu mtu bure.

Rangi ya kioo nayo inajisema. Lenzi yake ni nyekundu inang'aa kama kioo cha jua, na watu wanaidhania ndiyo "ya usiku". Unapoona wekundu ule, unaona mwanga mwekundu uliokataliwa kuingia. Ukichungulia, kila kitu kimekuwa cha kijani. Kongoni mwekundu kwenye majani makavu saa kumi na mbili na nusu jioni anapotelea humo humo.

Halafu ile taa ya msalaba, yaani mistari ya kulengea unayoiona ndani ya darubini. Hata ukiipunguza hadi mwisho inawaka mpaka ndani ya bomba panameta, mboni ya jicho inajifunga, na mnyama anageuka kivuli. Ukiizima, mistari ya msalaba ni myembamba kama unywele na gizani haionekani. Darubini ya jioni inataka mistari minene pembeni inayokonda katikati.

Na haikai kwenye shabaha. Bunduki ya shemeji ni .375, ya risasi kubwa, teke lake mnalijua. Hazikupita risasi nyingi uwanjani kabla tundu halijaanza kuhama, leo juu kulia, kesho chini. Umbali kati ya jicho na lenzi nao ni mfupi, karibu sentimita 6, wakati za bunduki kubwa zinatakiwa kuwa kama 9. Ikamchana juu ya nyusi, damu zikamwingia jichoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha. Mtu huyu anauza kifaa hiki kwa watu wanaokwenda kwenye nyati. Nyati aliyepigwa pabaya magharibi anaingia kichakani, na anayepaswa kumfuata ni wewe na kijana anayekusaidia kufuata nyayo.

Video zake msiziamini. Anatuma klipu imechukuliwa kwa simu kupitia lenzi ya jicho, jioni, na picha inapendeza kweli. Kamera ya simu inajiongezea mwanga yenyewe. Jicho lako halina uwezo huo. Pia anatumia jina la Leupold kwenye baadhi ya mabomba. Kampuni hiyo ya Marekani imeshatoa tahadhari zake kuhusu bidhaa bandia zenye jina lake, na darubini zake halisi zina namba ya pekee ambayo unaweza kuwauliza wenyewe. Omba picha ya namba hiyo kabla ya kutoa hata mia. Shemeji aliiomba, akajibiwa kwamba "hizi ni za oda maalumu".

Kuna jambo zito zaidi. Wateja kadhaa aliwaomba picha ya leseni ya bunduki, kitambulisho cha NIDA na namba ya bunduki yenyewe, eti apate vishikio vya kufungia darubini vinavyolingana. Vishikio vinahitaji aina ya bunduki na kipenyo cha bomba, kwa kawaida milimita 25.4 au 30, basi. Namba ya bunduki haihusiki hata kidogo. Sasa mtu usiyemjua anafahamu wewe ni nani, una silaha gani, na mzigo ulipokelewa stendi gani. Kama ulishamtumia, nenda polisi wanakokufahamu kwa leseni yako ukatoe taarifa, na upige *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Jumbe zake za utapeli zitume kwenda 15040.

Ana na bidhaa nyingine ya laki tisa, darubini yenye tochi ya kijani, "ya kuwindia saa nne usiku". Kaeni mbali nayo. Kuwinda usiku na kummulika mnyama kwa taa ni marufuku, na askari wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wakikukuta nayo porini kibali chako hakitakusaidia. Mwanga hafifu tunaouzungumzia hapa ni ule wa alfajiri kunapopambazuka na wa jioni jua linapozama, na kwetu huku kiza huingia upesi, nusu saa tu kimeshakolea.

Ukitaka kununua, nunua kwa mtu mwenye duka na risiti, uende jioni siyo saa sita mchana, utoke nje na kuchungulia kwenye kivuli cha miti, ukiwa na rula na tochi mfukoni. Anayekukatalia jaribio la tochi, mwachie mali yake.

Shemeji ameshafungua jalada polisi na ana RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Mpelelezi anasema mlalamikaji akiwa mmoja kesi inasuasua. Wewe uliyetapeliwa, usifute meseji, tunza muamala wa simu na risiti ya basi, usitupe boksi hata kama limekuudhi, kisha kafungue jalada kituo kilicho karibu nawe na utaje kwamba kuna lingine Chunya la mtu huyo huyo. Namba anabadilisha, ila maneno yake ni yale yale: "bosi", "mwanga wa nyota", na "hela ya ukaguzi".