Tahadhari kwa mafundi mitambo wa Mbeya, Chunya na Songwe: anayeuza seti za soketi «za kampuni ya barabara» ni tapeli

Ndugu zangu mafundi mitambo, na ninyi wamiliki mnaotutuma kununua vifaa, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na sijui ipi imeizidi nyingine. Kuna mtu anazunguka kati ya Mafiati, Mwanjelwa na njia ya Chunya akiuza seti za soketi (vile vikombe vya kufungulia nati na bolti), racheti ya kuzizungushia na toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza), na anadai zimetoka kwa kampuni ya ujenzi wa barabara iliyomaliza mkataba wake ng'ambo ya Tunduma. Mimi ameniuzia. Nimemlipa shilingi 780,000 kwa simu yangu, kwa vidole vyangu mwenyewe, na soketi ya kwanza niliyoipeleka kwenye bolti ngumu ilipasuka na kumjeruhi kijana wangu wa kazi.

Aibu yangu wengi wenu mnaielewa bila kuelezwa. Mimi ndiye ninayewagombeza vijana wanaponunua spana za bei ya kutupa pale sokoni. Mimi ndiye niliyemrudisha mmoja wenu dukani na seti yake nikimwambia kwamba chuma kile hakifai hata kwa baiskeli. Leo nasimama mbele yenu nikiwa nimepigwa changa la macho mchana kweupe, na mwenye mgodi tunaomfanyia kazi ameniuliza mbele ya vijana wote kama kweli najua ninachokinunua. Sikuwa na jibu.

Seti yangu ya zamani mnajua ilivyopotea mwezi wa tano, sitaki kuyarudia yale. Tangu hapo nimekuwa nikiazima, na fundi anayeazima soketi za robo tatu ya inchi, zile za bolti kubwa, kila wiki anakuwa mzigo kwa wenzake. Kwa hiyo nilipopigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kwamba amepewa namba yangu na fundi mwenzetu wa Mbalizi, ambaye jina lake alilitaja sawasawa pamoja na aina ya mtambo anaoushughulikia, niliona ni jambo la kawaida. Baadaye nilimuuliza mwenzetu huyo, akaniambia kwamba alimpa namba yangu kwa nia njema kwa sababu hata yeye alionyeshwa mzigo ule na akaupenda, ila hakuwa na fedha wakati ule. Simlaumu.

Tulikutana Jumamosi asubuhi katika mgahawa wa chai jirani na Kabwe, ile baridi ya Julai ikiwa bado haijapungua. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti la kazini lenye mistari ya kung'aa na buti zenye vumbi jekundu la barabarani, na alinisalimu kwa Kinyakyusa, «ugonile», kabla sijaketi, kisha akaagiza chai yangu bila kuniuliza kama nitalipa. Hakuanza na biashara. Aliniuliza ninashughulikia mitambo gani, nikamwambia eskaveta mbili za Komatsu na greda moja ya zamani ya Caterpillar. Hapo hapo, bila kufikiri, akaniambia, «Basi baba, wewe huwezi kuishi na seti moja. Komatsu atakutaka milimita, na hiyo greda ya zamani itakutaka inchi, ukilazimisha milimita kwenye bolti ya inchi utaiviringisha kichwa.» Ni kweli kabisa, na ni neno ambalo huwa nawaambia vijana wangu karibu kwa maneno hayo hayo.

Kisha akafungua mfuko wa turubai na kutoa seti ya robo tatu, akachomoa soketi ya 36 na kuiweka katikati ya kiganja changu. Ilikuwa nzito na baridi. Maandishi yalikuwa yamegongwa ndani ya chuma kwa kina kinachoonekana, jina la kiwanda kimoja kikubwa cha Ujerumani ambalo sitalitaja hapa kwa sababu kosa si la kiwanda hicho, na chini yake namba ya kiwango cha DIN 3124, ambacho ndicho kiwango cha Kijerumani cha soketi za kukazia kwa mkono. Niliizungusha kwenye mwanga wa dirisha. Kingo zilikuwa laini, pembe sita za ndani zilikuwa sawa, na mng'ao wa krome haukuwa na hata doa moja. Nimeshika soketi halisi za Wajerumani kwa miaka mingi, na ile ilikuwa halisi. Hilo nitalishikilia hadi mwisho, kwa maana hapo ndipo ulipokuwa mtego wenyewe.

Nilimwambia nataka kuijaribu. Hakusita. Tulitoka hadi kwenye lori lililokuwa limeegeshwa nje, dereva akakubali, nikaivisha soketi kwenye nati ya tairi la nyuma, nikachomeka bomba kwenye mpini ili kuongeza urefu, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Nati ililia, ikalegea, na soketi haikutikisika. Nilipoikaza tena na kuitoa, hapakuwa na mkwaruzo ndani yake. Nilipomuuliza kama naweza kuzitumia soketi zile na mashine ya upepo, alinikataza kwa ukali kidogo, akasema hizi za chuma cha krome vanadiamu ni za mkono tu, na kwamba kwa mashine ya upepo ninunue zile nyeusi nene za krome molibdenamu, ambazo yeye hana. Ndugu zangu, nani kati yenu angemshuku muuzaji anayekukatalia matumizi yasiyofaa na kukuelekeza ukanunue kwa mwingine? Hapo ndipo moyo wangu ulipolala kabisa.

Bei aliyotaka ilikuwa 950,000 tukashuka hadi 780,000, seti ya soketi pamoja na racheti na toki renchi. Najua mtauliza. Ndiyo, nilijua kwamba vitu vile vikiwa halisi haviuzwi kwa fedha hiyo. Nilijiambia kwamba ni mzigo wa kampuni iliyofunga kazi na inataka kupunguza vitu kabla ya kuondoka, kwa sababu mimi na ninyi tumewahi kununua jenereta, matairi na hata injini nzima kwa njia hiyo na tukafaidika.

Baada ya kukubaliana akasema ile aliyonionyesha ni yake ya kutembelea wateja, na yangu ipo kwenye gari ikiwa mpya. Akaleta sanduku la plastiki lililoviringishwa nailoni ngumu, lenye rangi ile ile na nembo ile ile. Niliposhika kisu cha mfukoni ili nichane nailoni, aliweka mkono wake juu ya mkono wangu kwa upole, akasema, «Baba, ukiifungua kisha ukabadili mawazo, sitaweza kumuuzia mwingine kama mpya. Lipa kwanza, halafu ifungue mbele yangu.» Nililipa. Ujumbe wa muamala ulipoingia, simu yake ikaita, akasema anaitwa haraka Mafiati kuna gari lake limeharibika, akaniachia risiti ya kuandika kwa mkono yenye muhuri, akaniambia «ndaga fijo», yaani asante sana, akaondoka. Na mimi, kwa kuogopa kuonekana nisiyemwamini mtu aliyeniheshimu kiasi kile, sikumzuia. Nilipakia sanduku na kwenda nalo nyumbani Uyole. Hata pale nyumbani nililifungua juu juu tu, nikaona soketi zimepangwa zinang'aa, nikalifunga. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia nikiwa na kisu cha kulifungulia gunia mkononi.

Jumatatu tulipandisha mlima wa Kawetere hadi Chunya, kisha Matundasi, kubadilisha sproketi ya eskaveta, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo wake. Zile bolti mnazijua, zina gundi ya kiwandani na udongo ulioganda, hazitoki kwa kubembelezwa. Kijana aliivisha soketi mpya, tukachomeka bomba, yeye akaishikilia soketi isiteleze nami nikavuta. Sikuwa nimefika hata nusu ya nguvu niliyotumia kwenye lile lori. Ulisikika mlio kama wa gilasi, bomba likaniponyoka, na kijana akapiga kelele. Soketi ilikuwa imepasuka wima kutoka mdomoni hadi kwenye shimo la racheti, na ukingo wake ulikuwa umemchana kiganja kuanzia chini ya kidole gumba. Ameshonwa nyuzi saba. Ana miaka ishirini na moja, na mama yake ndiye aliyenikabidhi kwa mkono wake nimfundishe kazi.

Nilipokichunguza kile kipande baadaye, nilichokiona kilinitia uchungu zaidi ya fedha. Pale palipovunjika, chuma kilikuwa na chembe kubwa zinazometameta kama sukari, ilhali chuma kilichopashwa moto na kupozwa ipasavyo kikivunjika huonyesha sura ya kijivu iliyo laini kama kitambaa. Krome ilikuwa imebanduka kama ganda la yai, na lile ganda ndilo lililokata kama wembe. Niliingiza kipimo cha verniya kwenye soketi nyingine iliyoandikwa 36, nikapata milimita 37 kasoro kidogo. Na pembeni, kwa herufi zilizochorwa juu juu kwa mashine wala hazikugongwa, palikuwa pameandikwa CHROME VANADUIM. Herufi mbili zimepishana. Ilikuwa mbele ya macho yangu tangu Jumamosi.

Toki renchi ndiyo mbaya kuliko vyote, na naomba mnisikilize hapa. Niliilinganisha na ya mwenzetu ambayo imepimwa. Chombo hiki hulia kinapofikia nguvu uliyoipanga. Nilipoiweka yangu kwenye niutoni mita 400 ililia mapema mno mara ya kwanza, ikalia kwa kuchelewa mara ya pili, na mara ya tatu haikulia kabisa. Kama soketi isingepasuka ningezikaza bolti zote za sproketi kwa chombo kile, eskaveta ingerudi kwenye ukingo wa shimo, na siku zikifunguka zenyewe pangekuwa na mwendeshaji ndani ya kibanda chake. Huyu mtu hauzi vyuma vibovu tu. Anauza ajali, na anapaswa kushtakiwa kama mtu aliyemjeruhi mwenzake kwa makusudi. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ipo, Tume ya Ushindani ipo, polisi wapo. Faini peke yake haitoshi, kwa sababu faini ataifidia kwa kuuza seti mbili. Nataka afungwe, nataka mzigo wake wote uteketezwe hadharani, na nataka alipe matibabu ya kijana huyu pamoja na siku zote ambazo hatashika spana.

Mmeniuliza mtamjuaje. Namba aliyonipigia haipatikani tena, na jina lililotokea kwenye muamala si lile alilojitambulisha nalo, kwa hiyo msitegemee jina. Tazameni zaidi namna yake: huwa anakuonyesha seti moja na kukupa nyingine, hakubali sanduku lifunguliwe kabla ya malipo, na hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Toki renchi halisi huja na hati ya upimaji yenye namba ya chombo chenyewe kwa mujibu wa kiwango cha ISO 6789, nayo inapaswa kupimwa upya kila baada ya miezi kumi na miwili au mikazo 5,000. Yangu ilikuja na karatasi ya rangi isiyo na namba yoyote. Kwenye sanduku pia pameandikwa «German Technology», na popote hapakutajwa nchi ilipotengenezwa. Mengine nitayaongeza nikitulia, kwa sasa kila nikimkumbuka alivyoweka mkono wake juu ya wangu nashindwa kuandika.

Kwa wanaouliza nitanunua nini sasa, nitanunua soketi moja moja kwa saizi ninazozitumia kweli, dukani, kwa muuzaji mwenye mlango na leseni. Gedore na Hazet za Remscheid, Stahlwille ya Wuppertal, au Koken ya Japani, ndizo nitakazoziweka kwenye bolti za sproketi na za miguu ya mtambo, hata kama itanichukua mwaka mzima kukamilisha seti. Kwa saizi ndogo na kazi nyepesi King Tony ya Taiwan imenitosha siku zote na bei yake inabebeka. Hata hizo zinaigwa, kwa hiyo nitakwenda na verniya mfukoni, na muuzaji atakayenuna nikiitoa atabaki na mzigo wake.

Vipande vya soketi nimevifunga kwenye kitambaa pamoja na risiti na picha ya muamala, na kesho nakwenda navyo polisi. Tayari wawili kati yenu mmenipigia kwamba mlinunua kwa mtu huyo huyo, mmoja Makongolosi na mwingine Vwawa. Nawaomba tuongozane, na msizitupe hizo seti wala kumuuzia mtu mwingine ili kurudisha fedha yenu. Na kama kuna aliyekwisha kukaza bolti za sproketi, za magurudumu au za mkono wa eskaveta kwa ile toki renchi, asimamishe mtambo huo leo hii, hata kama mwenye mtambo atagomba, azilegeze zote na kuzikaza upya kwa chombo kilichopimwa kabla mwendeshaji hajapanda.