Mashine ya kusisimua ubongo kwa mgonjwa wa MND: umeme upo, tiba haipo

Mashine yenyewe ni ile ya betri ya volti 9, yenye mkanda wa kichwani na elektrodi mbili za sponji, inayoagizwa mtandaoni na kuingia Mbeya au Iringa kama kifurushi cha basi. Wauzaji huinadi kwa kiharusi, sonona, maumivu sugu, na pia kwa MND, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli mpaka mtu anashindwa kushika kijiko, kumeza na mwishowe kupumua. Kama kifaa cha umeme, tunaipa nyota tatu kati ya tano. Kama tiba ya MND, nyota moja, na hiyo ni kwa sababu haipasui fuvu la mtu.

Tuanze na umeme. Hutoa mkondo wa miliampea 1 hadi 2 kwa dakika 20, nao hupanda polepole mwanzoni ili ngozi isishtuke. Udhaifu uko kwenye betri. Volti 9 haziwezi kusukuma miliampea 2 ukinzani wa ngozi, nywele na sponji ukizidi kilo-omu 4.5, betri ikichoka hadi volti 7, kikomo kinashuka hadi 3.5. Mashine nzuri hupandisha volti ndani kwa ndani na kuonyesha ukinzani kwenye kioo. Ya bei ya chee inaweza kuwasha taa ya kijani huku mkondo umepungua nusu. Kipimo ni rahisi, na fundi redio yeyote wa Mwanjelwa, Mbeya, ana vifaa: unganisha elektrodi kupitia rezista ya kilo-omu 10 na mita katika mstari mmoja, weka mashine kwenye 2. Mita ikisoma chini ya 1, hakuna upandishaji wowote humo ndani.

Sponji nazo zina mambo yake. Za kawaida ni sentimita 5 kwa 7. Zile za duara za sentimita 3 huonekana nadhifu, ila eneo lake ni kama moja ya tano tu, kwa hiyo kila sehemu ya ngozi hubeba mkondo mara tano zaidi. Hapo ndipo vidonda vya kuungua hutokea. Loweka kwa maji ya dripu ya chumvi, asilimia 0.9, siyo maji ya bomba, kisha kamua hadi yasichuruzike. Yakitiririka kwenye nywele, umeme hupita juu ya ngozi badala ya kuingia ndani. Wakati wa kiangazi hewa ya nyanda za juu ni kavu, hivyo ongeza matone katikati ya kipindi. Mafuta ya nywele yaoshwe kwanza. Rasta zifumuliwe, hakuna njia ya mkato.

Sehemu ya kuweka, juu ya eneo la ubongo linaloendesha mwendo, hupimwa kwa futi ya fundi cherehani: pima kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, kisha shuka asilimia 20 ya urefu huo kutoka katikati. Kama ni sentimita 36, shuka 7.2.

Swali zito ni elektrodi ipi iwekwe hapo. Maelekezo mengi, yaliyoandikwa kwa ajili ya kiharusi, huweka anodi, yaani elektrodi chanya, ambayo kwa kawaida huamsha ubongo. Lakini kwa wagonjwa wengi wa MND eneo la mwendo tayari limeamka kupita kiasi, hasa mwanzoni mwa ugonjwa. Kumfuatishia mgonjwa maelekezo hayo ni kwenda kinyume na mantiki ya utafiti wenyewe. Watafiti wa Roma walijaribu kulituliza eneo hilo kwa mapigo ya sumaku. Jaribio lao la mwaka mzima halikuonyesha faida. Baadaye walitumia sumaku tuli kwa wagonjwa 40 kwa miezi 6, na lengo kuu halikufikiwa, ingawa ufuatiliaji wa baadaye uliacha matumaini yanayohitaji jaribio kubwa zaidi. Na hizo ni sumaku. Hii ya betri ni kitu kingine kabisa. Isitoshe, neva zinazokufa kwenye uti wa mgongo haziguswi na sponji ya kichwani.

Fedha hiyo ina kazi bora. Dawa ya riluzole, miligramu 50 mara mbili kwa siku pamoja na kupima ini, huongeza miezi michache. Mashine ya kupumulia ya barakoa huongeza zaidi: katika jaribio la Newcastle lililochapishwa mwaka 2006, wagonjwa ambao koo lao halijadhoofika sana waliongezewa takriban siku 205. Mgonjwa akianza kushindwa kulala chali, au kuamka na kichwa kinauma, ombeni rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mnaponunua ulizieni betri ya akiba, maana umeme ukikatika usiku mtu hawezi kusubiri.

Aliyekwisha kuinunua asimwekee mwenye kifafa, mwenye chuma ndani ya kichwa wala mwenye kifaa cha moyo. Mgonjwa wa MND huenda hawezi kuivua mwenyewe wala kupiga kelele sponji ikianza kuunguza. Msaidizi akae pale dakika zote 20, wakubaliane ishara ya macho kabla ya kuwasha, na ngozi iwe nzima: penye mchubuko pasiwekwe sponji.