Uzoefu wangu: Benzi 300D (W123) iliyofufuliwa Dodoma, na vya kisasa vilivyoongezwa

Hii ni tathmini ya kazi nzima kwenye Mercedes-Benz 300D ya mwaka 1982: injini, mipira, umeme, kiyoyozi na bodi. Kazi imefanyika Dodoma mjini. Spea nyingi zimetoka Dar, mitaa ya Gerezani na Kariakoo, zikapandishwa kwa basi, chache ziliagizwa nje. Naipa alama nane kwa kumi. Mbili zilizopungua zimepotelea kwenye mipira ya bei rahisi, na nitaeleza kwa nini.

Wanunuzi wengi wa gari la zamani huanza na kutu. Kwa Dodoma kutu si adui namba moja. Kuanzia Mei mpaka karibu na Desemba hakuna mvua, bahari iko mbali, na gari lililozeekea huku huwa na bodi nzima kuliko lililozeekea Tanga au Dar. Kinachokufa ni mpira na plastiki: jua linakausha, vumbi linasaga. Kagua kutu hata hivyo, lakini mahali panapohusika: mashimo ya kuingizia jeki, sakafu chini ya kapeti za mbele, sahani ya betri, shimo la tairi ya spea na kingo za chini za kioo cha mbele. Kapeti ikiwa na unyevu, mara nyingi njia za maji chini ya boneti zimezibwa na majani na udongo, maji yakageukia ndani.

Injini ni OM617, silinda tano, sentimita za ujazo 2,998, nguvu za farasi 88 ikiwa mpya, haina turbo. Kabla ya kutoa hata shilingi, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) injini ikiwa ya moto. Kiwango cha chini cha kiwandani ni baa 15, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi baa 3. Kumbuka Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo geji itasoma kama asilimia 10 chini ya ambavyo ingesoma Dar. Fundi asiyelijua hilo atakushauri ufungue injini nzima isiyo na tatizo. Mimi niliangalia zaidi ile tofauti, ikawa baa 2, injini haikufunguliwa.

Kilichofanyika ni kuseti tapeti injini ikiwa ya baridi (valvu za kuingiza milimita 0.10, za kutoa moshi 0.30), kubadilisha nozeli (za kupulizia dizeli) zote tano na kuzipima zifunguke kwenye baa 115 bila kupishana zaidi ya baa 5, na kuweka washa (pete) mpya za kukinga joto chini ya kila nozeli. Hizo washa hazirudiwi. Ukirudisha za zamani, moto unapenya pembeni na ncha ya nozeli inaungua. Mipira midogo ya kurudishia dizeli, ya kipenyo cha ndani milimita 3.2, badilisha yote kwa mkupuo. Ukibadilisha mmoja, wa jirani unapasuka wiki inayofuata kwa sababu umeguswa. Chujio la chini kwenye tangi nalo lisisahaulike, linataka soketi ya 46. Letu lilikuwa limeziba kwa tope jekundu, na dalili yake ilikuwa gari kukosa nguvu likipanda mlima, kisha nguvu kurudi yote likipumzika dakika kumi.

Sasa vakyumu (mvuto wa hewa unaotengenezwa na pampu ya injini), maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Kwenye dizeli hizi vakyumu inasaidia breki, inafunga milango, inalainisha ubadilishaji wa gia kwenye otomatiki, na ndiyo inayozima injini. Unazima swichi, unatoa ufunguo, injini inaendelea kunguruma. Mafundi hukimbilia pampu ya dizeli. Mara nyingi kosa liko mlangoni: kile kifuko cha mpira kinachovuta kitasa kimepasuka, hewa inaingia, na nguvu ya kuzimia inaisha. Chomoa mirija ya milango kwenye makutano chini ya boneti, ziba tundu kwa skrubu, jaribu tena. Injini ikizima, pampu haina kosa. Kisha kwa pampu ya mkono pima mlango mmoja mmoja. Unaoshindwa kushika kwa dakika mbili ndio mgonjwa. Kwangu ilikuwa mlango wa nyuma kushoto na kifuniko cha tangi la dizeli. Mpaka urekebishe, kuna wenzo wa kuzimia juu ya injini, upande wa pampu, umeandikwa STOP. Mwonyeshe kila atakayeendesha.

Pampu yenyewe ya vakyumu iko mbele ya injini. Ikianza kugonga usiisubiri. Beringi zake zikivunjika, vipande vinadondokea kwenye cheni ya injini, na hapo hakuna cha kuokoa. Nilifunga mpya kabla haijalalamika. Ni spea ghali kuliko zote za mbele ya injini, na ndiyo ambayo singeacha.

Upande wa chini ya gari ndiko kulikonigharimu mara mbili. Seti ya kwanza ya bushi (ile mipira ya chini ya gari) na boljointi niliinunua ya bei rahisi, isiyo na jina la kueleweka. Baada ya miezi minne, bushi za mbele zilikuwa zimepasuka kama keki kavu na stelingi inacheza. Ukizigusa kwa kucha, zile mpya za bei rahisi ni ngumu na zinang'aa. Mpira mzuri unabonyea kidogo na ni mweusi usiong'aa. Seti ya pili ni Lemförder, na rabakapling za propela mbili (moja nyuma ya giaboksi, nyingine mbele ya difu) ni SGF. Pamoja nazo badilisha beringi ya katikati ya propela na raba yake, vinginevyo mtetemo unabaki kwenye kilomita 80 na utalaumu matairi. Bushi za aina hii zikazwe gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake. Fundi akizikaza gari likiwa juu ya stendi, linaposhushwa mpira unajisokota na kuchanika mapema. Naamini hilo nalo lilichangia kuua seti yangu ya kwanza, kwa hiyo muuzaji si mkosaji peke yake.

Breki ni diski magurudumu yote manne. Kalipa zilifunguliwa zikawekewa sili mpya, mipira ya breki ikabadilishwa, na mafuta mapya ya breki, DOT 4. Mipira ya zamani huvimba kwa ndani, mafuta yanaenda lakini hayarudi, padi zinabaki zimebana na gurudumu linachemka.

Rimu: bolti ni 5x112, na hapo wengi hukosea wakidhani rimu ya W124 (modeli iliyofuata baada ya W123) itakaa tu. Itaingia, lakini W123 inataka ofseti (umbali wa milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso wa kufungia) ya 30 na ile ya W124 ni 48 au 49, gurudumu linaingia ndani karibu sentimita mbili. Tairi za 195/70 R14 zinazidi kuadimika madukani. Nimehamia inchi 15 zenye ofseti inayofaa na tairi 195/65 R15, ambazo kimo chake kinapishana na cha zamani kwa asilimia moja tu, spidomita haidanganyi.

Kwenye umeme, kitu cha kwanza na cha bei ndogo kuliko vyote ni fyuzi. Gari hili linatumia zile za mviringo, nyeupe ampea 8 na nyekundu ampea 16. Za utepe wa alumini hushika ukungu, zinapata joto, na unakuta feni inafanya kazi leo kesho haifanyi. Badilisha zote kwa za shaba, safisha meno ya kushikia kwa msasa laini. Nusu ya "matatizo ya wayaringi" yaliishia hapo.

Taa za mbele hazikuwekwa LED. Kioo kimetengenezwa kwa ajili ya balbu ya H4, ukiweka LED unawapofusha wanaokuja na wewe mwenyewe huoni mbali. Niliweka rilei mbili (swichi za umeme) na waya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye betri. Kabla, volti kwenye balbu zilikuwa 11.3 injini ikiwaka. Baada ya rilei ni 13.5. Balbu ni zilezile za wati 60/55, ila sasa ng'ombe wanaovuka usiku unawaona mapema. Oltaneta ya ampea 55 imetolewa, ipo ya 90, na waya wake wa kuchaji umenenepeshwa pamoja na waya wa athi wa injini. Redio mpya yenye bluetooth imeungwa kwa plagi ya kati, hakuna waya wa kiwandani uliokatwa.

Kiyoyozi ndicho kisasa pekee ninachosema ni lazima kwa Oktoba ya Dodoma. Gesi ya zamani, R12, iliondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni, kwa hiyo mfumo unahamia gesi ya R134a, na si kwa kujaza gesi tu kama wanavyofanya wengi. Kompresa ya zamani (R4) huvuja kwenye sili ya shafti. Nimefunga Sanden 508 yenye puli ya mkanda wa V, kwa mabano yaliyochongwa kwa bamba la milimita 10. Puli zisipokuwa kwenye mstari mmoja, mkanda unatafunwa ndani ya wiki. Oili ya zamani haichanganyiki na R134a, kwa hiyo bomba zilisafishwa, oringi zote zikawekwa za kijani, drayeri na ekspansheni valvu mpya, na mipira ya kawaida ikatolewa kwa sababu gesi hii inapenya humo polepole. Kondensa ya zamani ya bomba la nyoka haitoshi. Weka ya kisasa yenye njia nyingi sambamba, na feni ya umeme mbele yake. Vuta vakyumu dakika 45, kisha jaza kwa mizani, asilimia 80 hadi 85 ya uzito ulioandikwa kwa R12. Nje ikiwa nyuzi 32, hewa inatoka nyuzi 8 gari likitembea, 13 likisimama kwenye foleni. Kabla ya yote, safisha evapareta nyuma ya dashibodi. Yetu ilitoa vumbi la kujaza bakuli.

Rangi sina mengi ya kusema. Ilibaki ileile ya kwenye kadi ya gari, kuepuka kubadilisha taarifa TRA. Nilisisitiza puti iwe nyembamba na raba za milango ziwe mpya, kwa sababu vumbi la Dodoma linaingia hata pasipo na tundu. Viti havikushonwa upya: ile ngozi bandia ya Mercedes haichakai, kinachokufa ni nyuzi za ndani, na fundi viti aliongeza sponji ngumu chini yake tu.

Ulaji wa dizeli kati ya hapa na Morogoro, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ni karibu lita 9 kwa kilomita 100. Nimepima kwa simu, kwa sababu kibao cha kilomita kimesimama: kile kigurudumu kidogo cha ndani kimelegea kwenye mhimili wake, ugonjwa wa kawaida wa gari hili. Kukitoa ni kuvuta kisanduku cha geji kizima kwa kulabu mbili, na kebo ya spidomita ni fupi, kwa hiyo ifungue kwanza upande wa giaboksi.